Kitu cha Kale Nyumbani: Kitunzwe, Kiboreshwe, au Kibadilishwe?



Wazee wetu walituachia methali nyingi, na mara nyingine methali hizo hushindana kama ndugu barazani. Moja yasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nyingine yasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Ya tatu huja kati yao ikisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ya kwanza yatufundisha kushika tulicho nacho. Ya pili yatuonyesha jinsi moyo wa mtu uvutwavyo na kitu kipya, hata kama kitamwumiza. Ya tatu yatuhimiza kutengeneza mapema. Nalizijua zote tangu utoto, wala sikudhani ya kuwa siku moja zitaninyima usingizi kwa ajili ya makasha mawili ya mbao yaliyo katika nyumba ya mama yangu.

Makasha hayo ni spika za redio na santuri. Nataka kuwaeleza habari zake, si kwa kuwa spika ni jambo kubwa, bali kwa kuwa swali lake ni la kila nyumba. Mmoja anayo cherehani ya mama yake, mwingine baiskeli ya babu yake, mwingine saa ya ukutani isiyokwenda tena. Kila mmoja hana budi kujiuliza: Je, nikitunze kitu hiki kama kilivyo? Nikiongezee uzuri? Au nikiondoe, nitafute kingine? Wengi huliamua jambo hili kwa haraka, nami nalikuwa mmoja wao.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1984 mwalimu mmoja Mzungu alikuwa akifunga mizigo arudi kwao, akauza vyombo vya nyumba yake. Baba alinunua kwake spika mbili, amplifaya, na mashine ya santuri, akalipa kwa mafungu mpaka fedha za kahawa za mwaka uliofuata. Hata siku ile spika zenyewe zilikuwa zimekwisha kutumika miaka kumi na zaidi. Kila moja ni kasha zito, urefu wake wapata sentimita 60, na mbele yake pana kitambaa cha rangi ya majani makavu. Mtoto hawezi kuliinua.

Jioni, tukiisha kula, Baba alifungua redio tukasikiliza taarifa ya habari, kisha akatia kaseti ya kwaya. Alikuwa na desturi moja: mtu asiseme neno mpaka wimbo uishe. Mama aliketi karibu na mlango akichambua maharage, na mikono yake ilikwenda kwa kufuata wimbo. Sauti za besi zilikuja kana kwamba zatoka chini ya sakafu. Juu ya kasha la kulia pana alama ya duara ambapo Baba aliweka kikombe chake cha chai miaka yote ile, na Mama alimkemea kwa ajili yake miaka yote ile.

Baba alifariki mwaka 2016. Mama aliendelea kuzitumia spika peke yake. Kisha mwaka 2022 nalimwendea, akaniambia, "Mwanangu, spika za baba yako zimekufa. Zasema kama mtu aliyefunikwa blanketi."

Basi tukakutana sisi watoto watatu, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mdogo wangu akaaye Dar es Salaam alisema, "Kaka, tumnunulie Mama sabufa mpya, apokee nyimbo kutoka kwenye simu. Makasha yale tuyauze. Mjini wako watu wayatafutao." Dada yetu akasema kwa uchungu, "Hata kidogo! Vitu vya Baba haviuzwi. Kama hazilii, na zikae zilipo." Nami nikamwita fundi wa redio, naye akazitazama, akasema, "Mchungaji, mbao hizi ni nzuri mno. Niachie nitoe vyote vilivyomo, nitie vya kisasa vyenye nguvu. Zitatikisa nyumba." Shauri lake lilinipendeza, nikaweka kando fedha kwa kazi hiyo.

Tazameni, wasomaji, zile njia tatu zote zilikuwa mezani petu: mmoja abadilishe, mmoja atunze, mmoja aboreshe. Tukabishana karibu mwezi mzima. Kila mmoja alikuwa na neno la haki, na kila mmoja alikuwa na kosa ambalo hakuliona.

Mtu hawezi kuamua vema juu ya kitu asichokijua. Kwa hiyo nilianza kuuliza habari za spika za namna hii, nikapata mambo yaliyonisaidia.

Mwaka 1954, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kiwanda kilichoitwa Acoustic Research. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuzisikia vizuri sauti nene za chini alihitaji kasha kubwa kama kabati la nguo. Villchur aliona hivi: koni ya spika, ile karatasi inayokwenda mbele na nyuma, yahitaji kitu cha kuirudisha mahali pake. Wengine waliirudisha kwa ukingo mgumu, na ugumu ule uliipotosha sauti. Yeye akaufanya ukingo uwe laini sana, akaliziba kasha pande zote hata hewa isitoke, na hewa ile iliyofungwa ndani ikawa ndiyo springi ya kuirudisha koni. Kwa njia hiyo kasha dogo likaweza kutoa sauti ambayo zamani ilitaka kasha kubwa. Viwanda vingine vingi vikaufuata ufundi huo, na kimoja cha hivyo ndicho kilichofanya spika za baba yangu.

Mwaka 1958 kiwanda cha Villchur kilitoa spika iliyoitwa AR-3, na watu wazipendao spika za kale wanaitafuta mpaka leo. Lakini lililonigusa zaidi ni jinsi walivyoipima mbele za watu. Walialika wapigaji wanne wa vyombo vya nyuzi, waitwao Fine Arts Quartet, wapige ukumbini. Katikati ya wimbo wapigaji waliacha kupiga, na wimbo uleule, uliokwisha kurekodiwa, ukaendelea kutoka katika spika. Wengi katika wasikilizaji hawakutambua ni wakati gani sauti ya watu ilikoma na sauti ya kasha ilianza. Tena katika stesheni kubwa ya reli iitwayo Grand Central, huko New York, walifungua chumba ambamo mpitaji yeyote aliweza kuketi na kusikiliza, wala humo hakikuuzwa kitu. Mtu asikie kwanza. Kununua ni baadaye.

Hapa pana fundisho. Kipimo chao kilikuwa sauti ya mtu aliye hai, aliyesimama pale pale. Sisi watoto tulipima kwa kumbukumbu tu. Dada alizikumbuka jioni za Baba, nami nilikumbuka besi iliyotoka sakafuni. Lakini sikio ni mtunzaji mbaya wa mambo ya kale. Laweza kumkumbuka aliyekuwapo chumbani, na harufu ya maharage motoni, lakini namna sauti yenyewe ilivyokuwa miaka thelathini iliyopita haliwezi kuipima.

Basi nikazichunguza spika zenyewe. Mtu akiisukuma koni kwa vidole taratibu, katika kasha lililozibwa vema koni hurudi polepole, maana hewa haina njia. Ya kulia ilirudi polepole. Ya kushoto ilirudi mara moja, ndipo nikajua kwamba hewa yatoka. Fundi alipoondoa kitambaa tuliona sababu. Ukingo wa koni ulikuwa wa sponji, nayo sponji ilikuwa imekuwa kama mkate mkavu, ukiigusa yamomonyoka. Spika nyingi za miaka ya 1970 zilitiwa ukingo wa sponji, na sponji hiyo huharibika kwa hewa na unyevu, mara nyingi baada ya miaka kumi na mitano au ishirini, hata kama spika haitumiki. Tena nyuma ya koni mna kapasita, vipande vidogo vinavyosaidia kuzigawa sauti, nyembamba ziende kwenye koni ndogo na nene ziende kwenye kubwa. Baadhi yake hukauka kwa uzee, na sauti ikageuka kidogo kidogo hata mwenye nyumba asitambue.

Jambo hili lilimjibu dada yangu. Yeye alidhani ya kuwa kukiacha kitu bila kukigusa ni kukitunza. Lakini kitu kilichoachwa hakisimami mahali pamoja. Chaendelea kuoza pole pole nyuma ya kitambaa kizuri. Kutunza ni kazi ya mikono. Mtu asemaye, Naiheshimu cherehani ya mama, naye haitii mafuta, huyo aheshimu kutu.

Lakini dada aliniuliza swali zito: "Mkibadili sponji, na kapasita, na waya, kitabaki nini cha Baba?" Nikafikiri juu ya ngoma na kengele. Ngoma ikipasuka ngozi, twaiwamba upya. Mzinga ni uleule, na ngozi ni mpya. Wala hakuna mzee asemaye kwamba ngoma ya ukoo imekufa, maana ngozi tangu mwanzo iliwekwa ili ichakae na kubadilishwa. Lakini kengele ikipasuka, hupelekwa kuyeyushwa na kumiminwa tena. Shaba yaweza kuwa ileile, na hata jina lililoandikwa juu yake laweza kuandikwa tena, lakini sauti ni nyingine. Hiyo ni kengele mpya, na tuseme hivyo bila kujidanganya.

Kwa hiyo nilimjibu: kutia sponji mpya ya kipimo kilekile, na kapasita za kipimo kilekile, ni kuwamba ngoma. Kutoa vyote vilivyomo na kutia vingine, kama fundi alivyotaka, ni kuyeyusha kengele. Si dhambi kuyeyusha kengele, lakini mtu asijidai kuwa ameitunza ile ya zamani. Tena kwa spika kuna sababu ya kazi pia. Kasha lile lilipimwa kwa ajili ya koni ile, na hewa ile, na sumaku ile. Ukitia koni nyingine yenye nguvu bila kupima, waweza kupata kishindo kikubwa usipate wimbo. Niliona aibu, maana nilikuwa nimependezwa na neno la "kutikisa nyumba." Mama yangu hakuomba nyumba itikisike.

Na mdogo wangu je? Yeye naye alikuwa na haki zaidi ya tulivyokubali. Kupenda cha kale kwa sababu ni cha kale tu ni upofu. Wako watu wanaosema kwamba sumaku za zamani, zile zenye kobalti ndani yake, zatoa sauti ambayo sumaku za leo haziwezi kuitoa. Lakini sababu kubwa ya viwanda vingi kuziacha si sikio. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka katika migodi ya nchi iliyoitwa wakati ule Zaire. Mwaka 1978 vita viliingia jimbo la Shaba, ambalo baadaye liliitwa tena Katanga hadi mwaka 2015, hata mji wa Kolwezi. Bei ya kobalti ikapanda sana, na wafanyaji wa spika wakageukia sumaku za namna nyingine zilizo rahisi, ambazo zimetumika vema mpaka leo. Hivyo jambo ambalo watu hulisifu kama siri ya mafundi wa kale liliguswa na taabu ya watu wa Kongo na hesabu ya wafanya biashara.

Hata viwanda vyajua udhaifu wetu huu. Kiwanda cha JBL kilitoa spika iitwayo L100 mwaka 1970, na mwaka 2018 kikatoa nyingine mpya yenye sura ya ile ya zamani, hata sponji ya mbele yenye mirabaraba. Ndani ni ufundi wa leo, nje ni vazi la ujana wa mnunuzi. Silaumu, huenda ni spika njema sana. Lakini mwenye kununua na ajiulize, Nanunua sauti, au nanunua miaka yangu iliyopita? Miaka hiyo haiuzwi dukani.

Basi nikachagua njia ya kuwamba ngoma. Fundi alitafuta ukingo wa sponji wa kipimo chake, akautia gundi, akaiweka koni katikati kwa uangalifu isije ikakwaruza sumaku, akaacha ikauke. Alibadili kapasita zilizokauka. Gharama ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa, na sehemu kubwa ya fedha nilizoziweka kando ilibaki. Tukatia kaseti ya kwaya. Binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alipiga makofi kwa furaha. Mama akasema, "Afadhali kidogo." Lakini mikono yake haikufuata wimbo.

Nikakikumbuka kipimo cha Villchur. Nikamwambia binti yangu asome barua ya shule, nikairekodi sauti yake kwa simu. Kisha nikamsimamisha nyuma ya pazia karibu na spika. Kwanza nikaitoa sauti ya simu kwa spika, halafu nikamwambia asome yeye mwenyewe maneno yaleyale kwa sauti ileile. Nikamwuliza Mama, "Ipi ni ya spika, na ipi ni ya mtoto?"

Mama alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Zote mbili zimefunikwa blanketi."

Wasomaji wapenzi, pale nalielewa, na moyo wangu ulinichoma. Blanketi halikuwa juu ya spika peke yake. Lilikuwa juu ya masikio ya mama yangu. Miezi mingi alikuwa akijibu maswali yetu kwa kutabasamu, akiitikia "Ndiyo, ndiyo" hata pale ambapo ndiyo haikuwa jibu, nasi tukasema, Mama amezeeka, amekuwa mpole. Watoto watatu tulibishana karibu mwezi mzima juu ya makasha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za sikio.

Tulimpeleka hospitali, akapimwa katika chumba kimya kwa sauti za namna mbalimbali. Ikaonekana kwamba sauti nene azisikia vema, lakini zile nyembamba zimempotea sana. Ndivyo uzee ufanyavyo kwa watu wengi. Herufi kama s, f na sh ni za sauti nyembamba na hafifu, nazo ndizo zitenganishazo neno na neno. Kwa hiyo mzee husema kweli asemapo, "Nasikia mwasema, ila sielewi msemalo." Na sauti za watoto humpotea kwanza, nazo ndizo apendazo kuzisikia.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Nilipokuwa nikisoma habari za vifaa vya kusaidia kusikia, nililikuta tena jina lilelile la Villchur. Mwaka 1967 aliuza kiwanda chake cha spika, kile kilichompa sifa, akajitia katika kuwatafutia msaada watu wasiosikia vema. Alifanya kazi hiyo katika maabara yake huko Woodstock, jimbo la New York. Shida aliyoiona ni hii: mtu aliyepotewa na sauti hafifu, ukimkuzia sauti zote sawasawa, zile za nguvu zitamwumiza, na zile hafifu huenda asizipate bado. Villchur akaonyesha njia ya kuzigawa sauti katika mafungu, nene kwa fungu lake na nyembamba kwa fungu lake, na katika kila fungu kuzikuza sana zilizo hafifu, na kidogo tu zilizo na nguvu. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1973. Wala hakuchukua hati ya kuimiliki, bali aliiacha wazi ili kila mfanyaji aitumie. Vifaa vya kusikia vya siku hizi vyaufuata mwendo huo kwa sehemu kubwa. Alifariki mwaka 2011.

Nalikaa nikilitafakari jambo hili. Sisi tulikuwa tumelishika kasha kwa mikono miwili, wengine kwa mapenzi, wengine kwa tamaa, na mtu yule aliyebuni ufundi wa kasha lenyewe alikuwa ameliacha tangu zamani, akamfuata mtu asikiaye. Hakuchukia kazi yake ya kwanza. Alijua tu kwamba sauti haina makao ndani ya mbao. Makao yake ni ndani ya mtu.

Fedha zilizobaki, zile nilizoziweka kwa kuboresha spika, zikaingia katika kifaa cha kusikia cha Mama. Hazikutosha. Mdogo wangu akatoa zile alizotaka kununulia sabufa, na dada, ambaye alikuwa hataki kitu kiguswe, akauza mbuzi wawili. Hivyo wale watatu waliopingana walikutana mahali ambapo hakuna aliyepataja.

Sitawadanganya kwamba yote yalikuwa mepesi. Wiki za kwanza Mama alikivua kifaa kila mara. Alisema kuku wapiga kelele mno, na sauti yake mwenyewe yamshangaza. Ilibidi kurudi hospitali mara mbili kukirekebisha, na betri ni gharama ya kila mwezi. Lakini jioni moja binti yangu alimsomea barua, naye akamkatiza kumsahihisha neno alilolikosea. Kisha tukatia kaseti. Mama alikuwa na ungo wa maharage magotini. Sikumtazama usoni, nalitazama mikono yake.

Basi, ndugu zangu, sikuandika haya ili niwape amri moja ya kutunza, au ya kubadilisha. Mtu mwingine, kwa haki kabisa, angeuza. Lakini nawaachia maswali manne, nanyi mwayaweza kuyauliza juu ya kitu chochote cha kale nyumbani mwenu.

Kwanza: Kitu hiki chamtumikia nani, naye yu hali gani? Msianze na kitu. Anzeni na mtu.

Pili: Ni nini hasa kilichoharibika? Maana mara nyingi twataka kubadilisha nyumba kwa sababu ya bawaba moja, au twalaumu chombo kwa udhaifu ulio ndani yetu.

Tatu: Matengenezo haya yatakirudisha kwenye kazi yake, au yatakifanya kuwa kitu kingine? Yote mawili yaruhusiwa, ila tuyaite kwa majina yake.

Nne: Fedha hizi, kama hazitatumika hapa, zingemsaidia nani? Akiwapo mtu anayezihitaji kuliko kitu, swali limekwisha.

Na juu ya kumbukumbu nasema hivi. Baba yangu hamo ndani ya kasha. Lakini ile alama ya kikombe ipo, nami nikimwona Mama akiifuta kwa kitambaa huku akinung'unika kama zamani, sioni ubaya. Kitu chaweza kubeba kumbukumbu kama punda abebavyo mzigo. Ubaya waja pale mtu anapombeba punda.

Dada yangu aliniuliza, "Na Mama akiisha kutuacha, spika zitakuwa za nani?" Nilimjibu kwamba zitakuwa za binti yangu, maana ndiye aliyesimama nyuma ya pazia. Kama siku moja atazichoka, na aziuze, au ampe mtu awezaye kuziwamba tena. Sitamwachia kamba ya kumfunga kwenye kaburi la babu yake. Nitamwachia maswali manne tu, na namba ya simu ya fundi.